Uliza Ujibiwe: Kamera, Koo na Kaseti

Barua za toleo hili zimetoka mkoa wa Tanga, mjini na wilayani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kazi ya mikono au ya sauti ipo, bando lipo, hela inaingiaje? Tumezifupisha barua. Majibu tumeyaacha yawe marefu pale yanapostahili.

Nina studio ya pasipoti na harusi Ngamiani. Nimepakia picha 40 za macheo ya Raskazone kwenye Adobe Stock. Zimekataliwa 31, zimepita 9, na hakuna hata moja iliyonunuliwa. Kamera ni nzuri. Kosa liko wapi?
*Mpiga picha, Ngamiani*

Kaka, hapo una matatizo mawili, na dawa zake ni tofauti. Kukataliwa ni suala la ufundi. Kutonunuliwa ni suala la soko.

Tuanze na ufundi. Adobe Stock ni ghala la kuuzia picha mtandaoni, nalo linataka JPEG yenye pikseli milioni 4 au zaidi, rangi za sRGB, na faili lisilozidi megabaiti 45. Kamera yako inafika huko bila jasho. Picha za alfajiri huangushwa na chenga: mwanga mdogo, kamera imeshikwa mkononi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) imepandishwa hadi 1600 au 3200. Funga kamera kwenye stendi, shusha ISO hadi 100, acha shata ikae wazi nusu sekunde au zaidi, na upige kwa kipima muda ili kidole chako kisiitikise. Ukifika nyumbani ikuze picha asilimia 100 kwenye kompyuta, uikague kona kwa kona. Bahari iliyoinama hata kidogo inaonekana. Madoa ya vumbi kwenye sensa hujitokeza angani, hasa ukifunga lenzi hadi f/16, na upepo wa bahari huacha utando wa chumvi kwenye kioo ambao huuoni mpaka jua likupige usoni. Beba kitambaa cha lenzi na ufute kila baada ya muda.

Kisha kuna nembo. Jina la kampuni kwenye jezi, chupa ya soda mchangani, maandishi ubavuni mwa bajaji: chochote kati ya hivyo kinatosha kuiangusha picha ya matumizi ya kibiashara. Uso wa mtu anayetambulika unahitaji fomu ya ridhaa iliyosainiwa, na mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Tembea na fomu tupu mfukoni. Kumtafuta mvuvi wiki mbili baadaye ni kazi ya kujitakia.

Sasa soko. Macheo ya ufukweni yamejaa mno kwenye maghala haya, na mnunuzi hana sababu ya kuchagua ya Raskazone. Uza ambacho wengine hawana, nawe umezungukwa nacho. Mkonge: majani yanakatwa, mizigo inafungwa, majani yanaingia kwenye korona (mashine ya kutoa nyuzi), nyuzi zinaoshwa, zinaanikwa kwenye kamba, zinapigwa brashi, marobota yanafungwa. Huo ni mfululizo wa picha 30 zenye maana, na mtu anayeandika kuhusu kamba, mazulia au nyuzi za asili atazitafuta. Omba ruhusa ya maandishi kwa meneja wa shamba kabla hujatoa kamera kwenye begi, maana lile ni eneo la mtu. Kila tukio lipige kwa ulalo na kwa wima, na uache sehemu tupu pembeni, kwa sababu mteja anataka mahali pa kuweka maandishi yake.

Maneno ya utafutaji andika kwa Kiingereza sanifu, hadi 49, lakini 10 ya mwanzo ndiyo yenye uzito mkubwa. Weka jina la kisayansi la mmea, *Agave sisalana*, weka Tanga, weka Tanzania, taja hatua ya kazi inayoonekana. Maneno kama “nzuri” na “ya kuvutia” hayamletei mtu mteja.

Kuhusu hela tuseme wazi. Adobe Stock humpa mpiga picha asilimia 33 ya bei. Mteja mwenye usajili wa mwezi akipakua picha yako, unaweza kupata senti 33 tu za dola. Kima cha chini cha kutoa ni dola 25, kwa hiyo kwa kiwango hicho unahitaji upakuaji 76 ndipo uguse chochote. Hii ni akiba inayokua taratibu kadiri picha zinavyoongezeka. Pango la studio liendelee kulipwa na harusi.

Kuna kundi la Telegram wanasema nitume 35,000 ya usajili nipewe kazi ya kuchapa kurasa mtandaoni, dola 200 kwa wiki. Nitume?
*Kijana, Muheza*

Usitume. Mwajiri analipa, halipwi. Utapeli huu una ndugu yake, umjue mapema: “mteja” anayekutumia picha ya muamala, anasema amekulipa zaidi kwa bahati mbaya, anaomba umrudishie tofauti. Angalia salio lenyewe kwenye akaunti. Picha ya muamala si hela.

Nasoma matangazo ya shughuli na watu husifu sauti yangu. Nilipata oda Fiverr, soko la kazi za mtandaoni, nikarekodi kwa simu chumbani, mteja akairudisha akisema sauti “ina chumba ndani yake”. Studio siiwezi. Nifanyeje?
*Dada msomaji, Makorora*

Mteja wako anajua anachosema, dada. Kuta za tofali, sakafu ya saruji na bati bila dari vinarudisha sauti, na simu inasikia sauti yako mara mbili: ikitoka kinywani na ikirudi kutoka ukutani. Mwangwi usitegemee programu kuuondoa. Huondolewa chumbani.

Chagua chumba kidogo kuliko vyote, chenye nguo nyingi. Fungua milango ya kabati la nguo na uligeuzie mgongo. Wengi huweka blanketi nyuma ya simu, wakati simu imeuelekea mdomo wako na ukuta ulio nyuma yako, kwa hiyo kitu laini kinahitajika zaidi mgongoni na ubavuni mwako. Magodoro mawili yaliyosimamishwa kwa pembe, blanketi zito juu, mkeka au zulia chini. Piga kofi moja. Ukisikia mlio mwembamba ukitetema baada ya kofi, ongeza kitambaa.

Simu iwe umbali wa shibiri moja, kama sentimita 20, kidogo pembeni ya mdomo. Ukiongea moja kwa moja ndani ya maikrofoni, kila “p” na “b” itapiga kishindo cha upepo, na Kiswahili kina “mpaka”, “pamba” na “bibi” za kutosha. Weka simu katika hali ya ndege. Tumia programu ya kurekodi inayotoa WAV ya 48 kHz. Na kazi usimtumie mteja kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu mtandao ule unaibana sauti hadi inapoteza ung'avu. Pandisha faili kwenye Google Drive utume kiungo.

Saa ya kurekodi ni sehemu ya vifaa. Kati ya saa 5 usiku na kabla ya adhana ya alfajiri bajaji zimepungua. Zima feni, zima friji (na uiwashe tena ukimaliza, samaki wasiharibike). Mvua ikianza kwenye bati, funga kazi ukalale. Kabla ya kusoma, rekodi sekunde 10 za kimya, kwani utazihitaji.

Kusafisha fanya kwa Audacity, ni ya bure, na ufuate mpangilio huu: ondoa kwanza mngurumo wa chini ya hertz 80, punguza kelele kwa kutumia zile sekunde 10 kama sampuli, kisha ndipo upandishe sauti. Ukipandisha sauti kwanza, unapandisha na kelele. Kupunguza kelele usizidi desibeli 6 hadi 9 kwa mara moja. Ukikaza zaidi utasikika kama mtu aliyeko ndani ya pipa, na hapo mteja atakurudishia tena. Kipimo kinachotumika sana kwa vitabu vya sauti kinakufaa hata kwa matangazo: kilele kisivuke -3 dB, wastani uwe kati ya -23 na -18 dB, na kimya kiwe chini ya -60 dB. Kwa simu na magodoro unaweza kukwama kwenye -50. Hapo ndipo maikrofoni ya USB inapoanza kuwa na maana. Kuinunua kabla ya kutengeneza chumba ni kutupa hela, maana itanasa mwangwi uleule kwa usafi zaidi.

Sampuli yako ya kujitangaza isizidi dakika moja, na kilicho bora kiwe katika sekunde 5 za kwanza. Changanya tangazo, maelezo ya mafunzo na kipande cha simulizi. Muziki usifunike sauti.

Kabla ya kukubali oda uliza mambo haya. Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya? Wateja wengi wa nje hawajui kuwa kuna tofauti, watakushukuru. Majina ya watu na bidhaa yanatamkwaje? Muda umebanwa? Tangazo la Kiingereza la sekunde 30 likitafsiriwa huvimba, hivyo soma kwa sauti ukiwa na saa, na kama halienei mwambie mteja akate maneno. Usiyakimbize wewe. Makosa yako ya usomaji rekebisha bure. Mteja akibadilisha maandishi baada ya wewe kurekodi, hiyo ni kazi mpya.

Kingine ni haki ya matumizi. Kusoma tangazo la redio la miezi 3 si sawa na kutoa sauti yako itumike milele. Soma mkataba utafute kifungu kinachoruhusu sauti yako kufundishia mashine ya kuiga sauti. Ukikikuta, ama ukatae ama bei iwe ya aina nyingine kabisa, kwa sababu baada ya hapo hawatakuhitaji tena.

Na bei yenyewe: Fiverr hukata asilimia 20. Oda ya dola 20 inakuachia 16. Ikikuchukua saa 4 pamoja na marekebisho, umelipwa dola 4 kwa saa, bando na umeme bado. Piga hesabu hiyo kwa kila oda mpaka ujue ipi ya kukataa.

Nimemaliza kazi, mteja anataka kunilipa kwa PayPal. Nimefungua akaunti lakini hela haipokelewi.
*Mbunifu wa nembo, Korogwe*

Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kutuma na kununulia, si ya kupokea. Utashauriwa ufungue kwa anwani ya Kenya au ya shangazi aliyeko Uingereza. Usikubali: siku watakapokuomba kitambulisho, hela itafungiwa humo na hutakuwa na pa kulalamika.

Njia inayotumika sana ni Payoneer, huduma ya kupokea malipo kutoka nje, ambayo Fiverr, Upwork na Adobe Stock zote zinaikubali, kisha unahamishia benki yako ya hapa. Jina liwe lilelile, herufi kwa herufi, kwenye kitambulisho cha NIDA, Payoneer na benki. “Mohamed” na “Mohammed” ni watu wawili machoni pa kompyuta. Soma ada zao za kutoa na ada ya mwaka kwa akaunti inayopokea kidogo, ili usije ukashangaa salio limeliwa. Weka na muda kwenye hesabu: Fiverr humkabidhi muuzaji mpya hela siku 14 baada ya oda kukamilika. Ahadi ya kodi ya nyumba usiiweke ndani ya siku hizo.

Chukua TIN ya TRA, hutolewa bure. Mteja wa ndani anayekulipa kwa maudhui ya mtandaoni anaweza kukukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Mdai hati ya makato hayo, kwani bila hati utalipa mara mbili.

Nina kaseti zaidi ya 80 za taarab na maulidi, nyingine za miaka ya 70. Wajukuu wanasema niziweke YouTube nipate hela. Baadhi zimeota ukungu mweupe.
*Mzee wa Pangani*

Shikamoo mzee wetu. Hazina hiyo usiichezeshe kwanza. Kaseti yenye ukungu ukiiweka kwenye redio inapaka ukungu huo kwenye hedi (kichwa kinachosoma mkanda), na hedi inaupeleka kwa kaseti inayofuata. Zitenge zilizoota. Ziweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, wiki moja au mbili. Kisha fungua zile zenye skrubu, ufute utando kwa pamba kavu ukiwa nje, pua imefunikwa. Hewa ya bahari ndiyo iliyoleta hali hiyo, hivyo zikishakuwa safi zisirudi kwenye kabati lililogusa ukuta.

Kaseti isiyo na ukungu nayo ina utaratibu. Ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja, ili mkanda uliolala miaka 40 ukae sawa. Safisha hedi na gurudumu la mpira kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, kila baada ya kaseti mbili tatu. Manukato usitumie, yana mafuta. Kagua kile kipande kidogo cha sponji kinachoukandamiza mkanda kwenye hedi, maana kikianguka, sauti inafifia na kuyumba.

Unganisha kwa waya kutoka tundu la kutolea sauti la deki hadi tundu la kuingizia la kompyuta. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kwa mawimbi dhaifu, ya deki yatalizidi na sauti itakwaruza. Rekodi WAV ya biti 24, 48 kHz, kilele kisizidi -6 dB. Dakika moja hula kama megabaiti 17, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ni karibu gigabaiti 1, na kaseti 80 za namna hiyo ni kama gigabaiti 83. Nunua diski mbili, zikae nyumba mbili.

Sauti ikiwa butu, kuna skrubu ndogo ubavuni mwa hedi. Weka alama mahali ilipo, izungushe kidogo sana huku ukisikiliza matoazi mpaka yang'ae. Kasi nayo huyumba. Udi hulegea nyuzi, lakini akodiani hailegei, hivyo linganisha sauti yake na programu ya kupimia noti kwenye simu ya mjukuu. Ikiwa juu au chini kwa kaseti nzima, rekebisha kasi kwenye Audacity.

Sasa YouTube. Kununua kaseti si kununua haki ya wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo nyimbo nyingi za miaka ya 70 bado zina wenyewe. Watafute viongozi wa kundi au warithi, mkubaliane kwa maandishi nani anapata asilimia ngapi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, iwaongoze. Ukipandisha bila ruhusa, yakupatayo ni moja kati ya mawili: dai, ambapo video inabaki na mapato yanakwenda kwa mwenye haki, au onyo, ambapo video inaondolewa. Maonyo matatu ndani ya siku 90 na chaneli inafungwa.

Hata ruhusa ikipatikana, matangazo huanza kukulipa ukifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Salio likifika dola 10 Google hutuma namba ya siri kwa barua, basi andika S.L.P. inayofanya kazi. Hela hutoka ikifika dola 100. Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani. Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, hivyo mapato ya watazamaji wa huko hukatwa asilimia 30, lakini usipojaza kabisa wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato ya dunia nzima.

Sisi tungekushauri uanze na hela iliyo karibu zaidi. Kila nyumba Pangani na Tanga ina kaseti ya harusi au ya sauti ya marehemu babu. Ukishajua kuhamisha zako, toza kwa saa ya kaseti: saa moja ya kucheza, nusu saa ya kusafisha na kukata. Mkabidhi mteja WAV na MP3 kwenye flashi, pamoja na kaseti yake. Wa Maskati au London alipe kwanza, atumiwe kiungo.

Nina simu tu, napenda kuchora. Nataka kuuza mapambo ya vitambaa kama ya kanga. Nianzie wapi bila chuo?
*Msichana wa kidato cha nne, Lushoto*

Anza kwa kuichunguza kanga yenyewe, mwanetu. Itandaze, kama sentimita 150 kwa 110, uhesabu rangi. Angalia pindo linavyokunja kona, mji unavyojaza katikati, jina linavyokaa. Kisutu kina rangi tatu tu, nyeusi, nyekundu na nyeupe, lakini hakichoshi. Kinakili mara kadhaa kwa mazoezi. Kunakili ili kuuza ni mwiko, hasa kanga za viwandani.

Kinachowashinda wanaoanza ni kuunganisha pambo lisionyeshe mshono. Kwenye Ibis Paint fungua karatasi ya pikseli 3000 kwa 3000, ambayo ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi ni mraba wa sentimita 25.4. Chora katikati bila kugusa kingo. Kisha ikate robo nne uzibadilishane kwa pembe: ya juu kushoto na ya chini kulia, ya juu kulia na ya chini kushoto. Kingo za zamani sasa ziko katikati kama msalaba mtupu. Ujaze huo msalaba, usiguse kingo mpya. Panga nakala 9, tatu kwa tatu, uzitazame kutoka mbali. Ukiona mistari au mashimo yanayojirudia, rudi ukasogeze maua. Ukipata kompyuta, Krita ni ya bure na kitufe cha W kinakuonyesha marudio hayo unapochora.

Rangi zisizidi 4 au 5 mwanzoni, na hifadhi PNG, kwa kuwa JPEG huchafua kingo za rangi bapa. Kamilisha mapambo 12 yanayoendana kabla ya kufungua duka popote, na kabla ya kupakia la kwanza soma tovuti hiyo inalipa kwa njia ipi. Kama ni PayPal peke yake, rudi kwenye jibu la Korogwe hapo juu. Na ukiandika jina la kanga, mpe mtu mzima wa Kiswahili alisome kabla halijachapwa, maana herufi moja iliyokosewa haifutiki kwenye doti 500.